Seli hunata, hushika au hushikamana?

SWALI: Natafsiri somo la baiolojia kuhusu protini zinazoiweka seli mahali pake na kuipa habari za nje. Mwenzangu ameandika "vipokeaji vya kunata". Mimi naona bora "vipokezi vya mshikamano". Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Nakuunga mkono, Mwalimu, ingawa "mshikamano" utaleta kicheko darasani, maana wanafunzi wamezoea kuusikia kwenye hotuba za Mei Mosi.

Tuanze na kunata. Utomvu wa fenesi hunata: ukiugusa umekwisha, hauchagui mtu. Integrini, ambazo ndizo protini mashuhuri zaidi za kundi hilo, haziko hivyo. Chembe sahani za damu zimejaa integrini, lakini mshipa ukiwa mzima hukaa zimejikunja. Mshipa ukikatika, ishara hutoka ndani ya chembe na kuzikunjua, zikakamata protini ya faibrinojeni na damu ikaganda. Zingekuwa za kunata, damu ingetugandia mwilini bila jeraha lolote.

Kushika nako ni kwa upande mmoja. (Kushikilia tuwaachie polisi na watuhumiwa wao.) Shikamana imebeba viambishi viwili: -am-, kile cha inama na gandama, kinachoonyesha kukaa katika hali fulani, na -an- cha kutendana. Na kutendana ndiko kuliko hapa. Kwa nje integrini imeshika nyuzi za fibronektini, protini iliyo nje ya seli. Kwa ndani imeungwa, kupitia protini iitwayo talini, na nyuzi za aktini, ambazo ni kama mifupa ya seli. Seli huvuta, nayo huvutwa. Ikiwa juu ya kitu kigumu hutanuka, juu ya kilaini mara nyingi hubaki mviringo.

Kuhusu "kipokeaji", sarufi haina ugomvi nalo. Ila linaishia mlangoni: kimepokea, basi. "Kipokezi" linanikumbusha kupokezana, kama vibarua wanavyopandisha zege ghorofani, ndoo ikipita mkono kwa mkono. Integrini si kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia. Haiwezi kubandika fosfeti, ile alama ya kupitishia ishara, kwenye protini nyingine. Inaposhikamana na nyuzi za nje na kukusanyika na wenzake, kimeng'enya kiitwacho FAK hufika, hujibandika fosfeti, huita kingine kiitwacho Src, na ndoo inazidi kupanda mpaka kwenye kiini, ambako jeni za kukua na kugawanyika huamshwa. Ndoo isipofika, seli nyingi zinazotandaza kuta za viungo vyetu hujiua. Mwaka 1994 watafiti walikipa kifo hicho jina lenye asili ya Kigiriki, anoikisi, yaani kukosa makao. Seli ya saratani inayosambaa ndiyo isiyojali: hubanduka, ikaendelea kuishi, ikahamia kwingine.

Jina "integrini" liache lilivyo. Lilitolewa mwaka 1986 na kundi la Richard Hynes, mzaliwa wa Nairobi, kwa sababu protini hiyo huunganisha nje na ndani ya seli. Ukishawishika kuiita "kiunganishi", kumbuka kuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la jirani atakuja kukudai neno lake.

Jambo la mwisho ni sentensi uliyoambatanisha: "kipokezi kinachoshikamana fibronektini". Umeangusha "na". Andika "kinachoshikamana na fibronektini".