Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Rombo na Sare za Januari

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu ni dereva wa kampuni. Tuna watoto watatu. Kila Desemba tunakwenda Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwa wakwe zangu, na safari iliyopita, pamoja na nguo za watoto, mchango wa ng'ombe na zawadi za wazee, ilitugharimu kama shilingi 1,200,000. Tulipopungukiwa nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, wa shilingi 400,000, nikawa narejesha kila siku, na sasa ni Februari lakini bado haujaisha. Mtoto wetu mkubwa ameanza kidato cha kwanza akiwa na sare ya kuazima. Wengine wananishauri niingie kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, wengine wanasema niweke kwenye simu. Nianze lini, na niweke wapi? — Mama wa watoto watatu, Tabata.

JIBU: Pole sana, dada yangu, hasa kwa habari ya mwanao, kwa sababu naamini hiyo ndiyo iliyokuuma kuliko deni lenyewe. Umefanya vyema kuuliza Februari badala ya Novemba. Maliza kwanza mkopo huo, hata kama utakula mwezi huu wote, kisha anza akiba yako Machi. Kuweka akiba huku unalipa kausha damu ni kazi bure, kwa kuwa hakuna kikoba wala benki itakayokupa faida inayolingana na kile unachotozwa.

Jambo la pili ni kwamba hesabu yako imeishia njiani. Umetaja gharama za Krismasi kana kwamba zinaishia siku mnaposhuka kwenye basi mkirudi Dar es Salaam, ilhali wiki chache baadaye shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na begi bado ni mzigo wa mzazi, na kwa watoto watatu mzigo huo si mdogo. Kwa hiyo Desemba na Januari zihesabiwe pamoja, kama gharama moja. Tuseme Januari inahitaji shilingi 350,000. Jumla yenu inakuwa shilingi 1,550,000, nanyi mna miezi tisa, kuanzia Machi hadi Novemba, ya kuzitafuta.

Wengi wangekuambia ugawe kiasi hicho kwa tisa, uweke zaidi ya shilingi 172,000 kila mwezi. Mimi sikushauri hivyo, kwa sababu mapato ya fundi hayaji kwa mwezi. Kuna wiki za Pasaka, za Idi na za harusi ambapo cherehani hailali, na kuna wiki ambazo unashona zipu na kupunguza suruali tu. Mwenye mshahara ni mume wako, kwa hiyo yeye ndiye aweke kiasi kisichobadilika. Akitenga shilingi 80,000 kila anapolipwa, kwa miezi tisa atafikisha shilingi 720,000. Zitakazobaki ni shilingi 830,000, ambazo kwa wiki 39 ni wastani wa shilingi 21,300 hivi kwa wiki. Wewe usizitafute kwa wiki bali kwa kazi: amua kwamba katika ujira wa kila nguo inayotoka mkononi mwako, sehemu fulani, tuseme moja ya tano, inaondoka siku hiyohiyo kabla hujanunua mboga. Wiki ya harusi itabeba wiki iliyolala. Kila mwisho wa mwezi kaeni wawili mlinganishe mlichoweka na mlichopanga, maana akiba ya siri ya mke peke yake huvunjika kirahisi mume anapoleta dharura ambayo hakujua itakula nini.

Kisha ipunguzeni hiyo 1,200,000 yenyewe. Wewe ni fundi, hivyo vitambaa vya nguo za watoto vinunuliwe Kariakoo mnamo Agosti, kabla ya msongamano wa sikukuu, uvishone wakati kazi ni chache, kwa sababu ikifika Desemba utakuwa unashona za wateja usiku kucha na za wanao utazinunua dukani kwa bei ya sikukuu. Viatu vya Krismasi viwe vyeusi vya shule. Watoto huenda wakanung'unika kidogo, lakini watakwenda navyo kanisani vikiwa vipya na Januari wataingia navyo darasani. Kuhusu mchango wa ng'ombe, mwombe mume wako azungumze na kaka zake mapema, katikati ya mwaka, ili ukoo ukubaliane kiasi cha kila nyumba, kwani mchango unaotangazwa tarehe 20 Desemba ndio unaowapeleka watu kwa wakopeshaji. Na nauli, kateni tiketi mapema. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, hutangaza nauli kikomo za mabasi, na abiria ana haki ya kupewa tiketi inayoonyesha kiasi alicholipa. Anayesubiri hadi siku ya safari ndiye hujikuta mikononi mwa mpiga debe. Treni ya abiria nayo ilirejea Moshi Desemba 2019, na kwa familia ya watu watano inafaa kuulizia.

Sasa swali la kikoba au simu. Fedha za Krismasi weka kwenye kikoba, lakini uliza mambo mawili kabla hujalipa kiingilio. La kwanza ni tarehe ya kuvunja: kikoba kinachogawana tarehe 22 Desemba hakimsaidii anayesafiri tarehe 18, kwa hiyo tafuta kinachovunja wiki ya kwanza ya mwezi. La pili ni lini kinaacha kukopesha wanachama. Kikundi makini hufunga mikopo Septemba au Oktoba, ili wakopaji wote wawe wamerejesha kabla ya mgao. Kinachokopesha mpaka Novemba hugawana madaftari ya madeni badala ya fedha.

Fedha za Januari, kwa upande mwingine, zisiingie kwenye kikoba hata kidogo. Nimeona mara nyingi jinsi mgao unavyofika Desemba ukiwa fungu moja kubwa, sikukuu ikalichukua lote, na shule ikakuta mfuko mtupu. Benki kadhaa nchini zina akaunti za malengo, ambazo fedha zake mwenyewe huzitoi kwa urahisi kabla ya tarehe uliyochagua. Fungua moja, au fanya jambo lililo rahisi zaidi kwa fundi: nunua vitambaa vya sare Oktoba na uzishone kabisa kabla hamjapanda basi. Simu ya kawaida nisingeitumia kwa akiba ya miezi tisa, kwa sababu fedha iliyo umbali wa kubonyeza namba ya siri huondoka kila umeme wa luku unapokata.

Na tafadhali usirudi tena kwa kausha damu, wala usihamie kwenye programu za mikopo za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Safari ikipungukiwa, heri aende mume na mtoto mmoja, na wakwe zako waelezwe ukweli kwa heshima.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanawake 22 hapa Mbeya. Kila wiki tunachanga shilingi 10,000 kila mmoja ili Krismasi tununue kwa pamoja mchele, mafuta, sukari na mbuzi, kisha tugawane. Fedha zote ziko kwenye simu ya mwenyekiti wetu, mama tunayemheshimu sana. Baadhi yetu tuna wasiwasi, lakini kuuliza kunaonekana kama kumtukana. Tufanyeje? — Katibu, Mbeya.

JIBU: Ndugu katibu, shilingi 220,000 kwa wiki ni shilingi 8,800,000 baada ya wiki 40. Kiasi hicho kwenye simu ya mtu mmoja ni hatari kwake kuliko kwenu. Mama huyo akiugua ghafla au akifariki, hakuna atakayejua namba ya siri, na fedha zilizo kwa jina lake zitahesabiwa katika mirathi yake, huku nyinyi mkidai msibani bila karatasi. Mwelezeni hivyo, kwa upole, nanyi mtakuwa mnamlinda.

Uaminifu wa mtu anayewakusanyia hautoshi kama fedha zenyewe hazijatengwa. Uingereza kulikuwa na kampuni iliyoitwa Farepak, ambayo watu wa kipato cha chini waliilipa kidogo kidogo mwaka mzima ili Krismasi wapate vikapu vya vyakula na vocha za manunuzi. Waliokusanya michango walikuwa majirani na ndugu zao, watu waaminifu kabisa. Oktoba 2006 kampuni ikafilisika, na kwa kuwa akiba hizo hazikuwa katika mfuko uliotengwa, zaidi ya watu 100,000 walikosa Krismasi waliyokwisha kuilipia. Walisubiri hadi mwaka 2012 kurudishiwa karibu nusu tu.

Kwenu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mkasajili kikundi, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama chenu katika daraja la nne. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu wasio wa familia moja. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana iliyo benki hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana, kinga ambayo fedha mlizoweka kwa mwenyekiti hazina.

Zaidi ya hayo, msizirundike fedha mpaka Desemba. Mpo mkoa wenye wilaya za Kyela na Mbarali, nchi ya mpunga! Nunueni mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, muuhifadhi kwenye mashine ya kukoboa mnayoiamini, kwa makubaliano ya maandishi, kisha mkoboe Desemba. Mpunga hukaa ghalani vizuri kuliko mchele. Hapo zaidi ya nusu ya kazi itakuwa imekwisha kabla ya Agosti, na akaunti haitabaki na fedha nyingi za kumtia mtu wasiwasi. Mafuta na sukari mnunue Novemba, mbuzi mwishoni. Katika kikao kijacho, kabla ya kuchanga, mwombeni mwenyekiti asome mbele ya wote salio lililopo, nawe uliandike kwenye daftari, wanachama wote 22 watie saini chini yake.