Makaunsela wapya, mulizeni dawa inakaa wapi

Nyinyi mnaoanza kazi na vijana wenye VVU hapa Arua, Uganda, na kwingine, karibuni sana. Kitu cha kwanza mshike hiki: kijana mara nyingi hasahau dawa, anaificha. Ukimuuliza "umemeza?" atakujibu ndio kila siku, alafu kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kiko juu. Muulize dawa inakaa wapi, saa ya kumeza nani yuko karibu, maji anatoa wapi.

Hapo ndo utasikia mambo. Mwanafunzi wa bodingi sanduku lake halina kufuli, na kichupa cha dawa akikigusa tu kinalia chakachaka mpaka kitanda cha tatu, kwa hiyo anangoja wenzake wote walale kwanza, usingizi unamchukua yeye kabla yao, kesho hivyo hivyo. Huyo si mkaidi jamani, anaogopa. Pamba kidogo ndani ya chupa inamaliza kelele, ila kale kapakiti ka kunyonya unyevu kabaki humo humo.

Alafu hiyo saa tatu usiku ya kumeza dawa. Wengi bado wanaishikilia tangu enzi za efavirenz, dawa ya VVU ya zamani, ile ilikuwa inaleta kizunguzungu ndo maana watu walimeza wakienda kulala. Kidonge cha sasa chenye dolutegravir ni 1 kwa siku, asubuhi au jioni, ameshiba au hajala, bora saa iwe ile ile, sasa kama asubuhi ndo anapata dakika mbili peke yake basi muhamishie asubuhi. Ulizia pia dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu, vikimezwa pamoja nayo vinaweza kuipunguza nguvu, na akianza dawa za TB klinika ijue mara moja.

Walozaliwa na VVU ni habari nyingine. Jaja, yaani bibi yake, alimwambia ni dawa ya kifua, mtoto akagundua mwenyewe darasani, akaacha kumeza kwa hasira. Huyo usimhubirie, kaa naye, na jaja muandae aseme ukweli mapema. Muunganishe na vijana wa YAPS, ule mpango wa Wizara ya Afya ambapo vijana wanaoishi na VVU wanasaidia wenzao, manake kuna maneno atamwambia kijana mwenzie wewe hutayasikia.

Metroni anaweza kusaidia sana lakini usimwambie chochote kabla kijana hajakubali. Na kabla shule haijafungua, hesabuni vidonge vifike mwisho wa muhula, kuomba ruhusa ya klinika kila mwezi ndo kunaanzisha maswali bwenini.