Maswali yenu ya tai: jifungieni wenyewe, na jioni mfungue

Maswali ya tai za shingoni yamejaa tena. Nimechukua machache, hayo mengine nilishayajibu hapa hapa, someni ya nyuma kwanza jameni.

Niko Kondele, Kisumu. Nina intavyu Jumatatu na sijui kufunga tai, video zinanichanganya tu.

Zinakuchanganya kwa sababu huyo mtu wa video anakuangalia, kulia kwake ni kushoto kwako. Achana nazo, simama mbele ya kioo. Inua kola, weka tai shingoni, upande mpana uwe kulia, mwembamba kushoto na ncha yake ikae juu kidogo ya kitovu. Sasa pitisha mpana juu ya mwembamba uende kushoto, upite nyuma yake urudi kulia, uuvushe tena kwa mbele uende kushoto, hapo uupenyeze kutoka chini kati ya tai na shingo, utokee juu, halafu uuteremshe ndani ya ule mkunjo uliojitengeneza hapo mbele. Shika mwembamba na mkono mmoja, na mwingine usukume fundo polepole mpaka kwa kola. Bonyeza kidole chini ya fundo ukikaza, ndo upate kile kibonde katikati. Fundo hili hukaa upande kidogo, liache hivo, ndivyo lilivyo. Na uanze leo usiku, sio Jumatatu asubuhi jasho likikutoka na matatu inapiga honi.

Ncha pana inafaa kufika wapi? (Nakuru)

Kwa mshipi. Hii naulizwa kila mara!

Kijana wangu ako bweni huku Kakamega, amekuja likizo na tai ikiwa imefungwa vile vile, eti alifungiwa na mwenzake siku ya kufungua shule. Ni sawa?

Si sawa mama, na hasira yangu si kwa kijana. Shule zetu zinawavalisha watoto tai miaka na miaka na hakuna anayekaa chini kuwafundisha. Fundo linafungwa mara moja, mtoto analegeza anaivua kwa kichwa, anaitundika kwa kitanda, kesho anaivaa hivo hivo mpaka muhula uishe. Hebu fungua hiyo tai uone, pale fundo lilikuwa utapata kitambaa kimekunjika na pembeni kumeshika uchafu mweusi wa shingo. Anamaliza fom foo, anaingia chuo, anapata kazi, siku ya harusi yake bado anatafuta jirani wa kumfungia.

Simama nyuma yake wote mkiangalia kioo, pitisha mikono yako juu ya mabega yake, funga polepole, fungua, halafu yeye arudie hadi ashike. Kama wewe pia hujui, jifunzeni pamoja, hii si kazi ya baba peke yake, na wasichana pia wanavaa tai shuleni. Walimu wa bweni, wafundisheni hawa watoto usiku wa kwanza tu, tafadhali.

Ni kweli mwanaume wa maana hufunga Windsor pekee? (Bungoma)

Nani aliwadanganya? Windsor ni fundo nene la pembe tatu, linataka kola iliyopanuka, kwa kola nyembamba litakubana na kuinua shati. Duke wa Windsor mwenyewe, yule aliyekuwa Mfalme Edward VIII wa Uingereza, alifunga fundo la kawaida, ila tai zake zilishonwa nene. Mwaka 1999 wanasayansi wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walipiga hesabu wakapata njia 85 za kufunga tai. Jua moja vizuri.

Si afadhali Kaunda suti tu, ile isiyovaliwa na tai?

Kwa harusi, sawa. Bungeni hapana, Spika Wetang'ula aliipiga marufuku Novemba 2023. Kazini muulize bosi kabla hujampelekea fundi kitambaa.

Tai ya zipu, ile yenye fundo tayari, ni mbaya? (Busia)

Kwa mtu mzima wa ofisi, ndio, jifunze kufunga. Lakini gadi avae ile ya klipu inayoachia ikivutwa, maanake mwizi akikushika tai ya kawaida amekushika shingo. Na wewe wa posho mili, usivae yoyote karibu na mkanda wa mashine! Wa boda pia, ingiza tai ndani ya jaketi.

Nitajuaje tai nzuri kwa mitumba ya soko la Kibuye?

Ishike kwa ncha nyembamba uiache ining'inie. Ikijizungusha, ilikatwa vibaya, rudisha. Tai nzuri hukatwa mshazari, kwa hivyo inanyooka yenyewe ukiifungua, ukiiacha na fundo wiki nzima unaiua. Igeuze nyuma utaona kitanzi kidogo cha uzi kimetokeza karibu na ncha, wengi wanadhani imeanza kufumuka wanakata. Usikate, huo uzi ndio umeshika tai yote toka juu mpaka chini. Na ukifika nyumbani usiifue kwa beseni, kitambaa cha ndani kitajikunja na hakinyooki tena, weka taulo juu yake upige pasi ya moto mdogo bila kukandamiza.