Mashine moja ya kupumulia, majeruhi zaidi ya mmoja

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni muuguzi mstaafu wa jeshi, ninaishi Bombo, Uganda. Tulipokuwa kwenye hospitali ya uwanja wa vita nje ya nchi, usiku mmoja tuliletewa askari wetu aliyepigwa risasi ya kichwa pamoja na mateka aliyejeruhiwa kifua, na mashine ya kupumulia ilikuwa imebaki moja. Daktari aliona askari wetu haponi, akaamuru apewe mateka, na mimi ndiye niliyeufunga ule mrija kwa plasta mdomoni mwake. Mwenzetu alifariki kabla ya alfajiri. Asubuhi akaletwa afande mwenye cheo, nikaambiwa nimvue mateka mashine apewe yeye, nikakataa. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Huna dhambi katika hayo mawili, ila lipo la tatu ambalo hukuuliza, nami nitalitaja.

Aya ya 8 ya Surat Al-Insan inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mateka chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda. Na ikiwa mateka ana haki katika chakula chetu, hatuwezi kusema kwamba hana haki katika pumzi. Tena Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ambao Uganda imejiunga nao, inasema kwamba dharura ya kitabibu peke yake ndiyo inayomtanguliza majeruhi mmoja mbele ya mwingine, na sisi Waislamu tumeamrishwa mwanzoni mwa Surat Al-Maida tutimize ahadi zetu. Daktari alitazama nani atafaidika na mashine, akafuata dhana yake yenye nguvu, yaani lile aliloona lina uwezekano mkubwa zaidi, na sheria haikumtaka zaidi ya hapo. Lau wangelingana katika haja na katika matumaini, angetangulizwa aliyefika kwanza, na kama wamefika pamoja, ingepigwa kura, kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri.

Kuhusu afande, kanuni ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Mateka alikuwa ameshatangulia kwenye mashine na bado alitarajiwa kupona, kwa hiyo kumvua kungekuwa kumuua mmoja ili aishi mwingine. Hali ingekuwa nyingine kama ubongo wake ungekuwa umekufa kwa uamuzi wa madaktari mabingwa, kwani Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine iondolewe katika hali hiyo.

Wapo wanaosema kamanda atangulizwe kwa kuwa uhai wake unalinda wengi. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye jeraha dogo anayeweza kushonwa na kurudi kazini saa ile ile, lakini mtu anayehitaji kupumuliwa na mashine haongozi kikosi kesho wala keshokutwa. Wengine watakutajia kisa kinachosimuliwa cha majeruhi wa vita vya Yarmuk, waliopokezana maji kila mmoja akimtanguliza mwenzake mpaka wakafa wote. Wale walitoa kilichokuwa chao. Pumzi ya mateka haikuwa yako hata uitoe zawadi kwa afande.

Sasa lile la tatu. Kumnyima mtu mashine si kumtupa. Askari yule alikuwa na haki ya dawa ya maumivu, ya kufutwa damu usoni, ya mtu wa kukaa karibu naye, na kama alikuwa Mwislamu, ya kulakiniwa shahada, yaani kutamkiwa ili aifuate, kwa sauti ya upole, kwani asiyejibu huenda anasikia. Ikiwa mlifanya hayo, mmemtimizia. Ikiwa aliachwa peke yake nyuma ya pazia ilhali mmoja wenu alikuwa na nafasi, basi omba msamaha kwa hilo, si kwa ule mrija.

Hudaiwi kafara wala diya, yaani fidia ya uhai wake. Wazazi wake wakikuuliza alivyofariki, waeleze ukweli, pamoja na habari ya mashine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.