Re: Baba alianguka, tufanye CT scan hapahapa au tusubiri MRI Dar?

Mkuu pole sana na mzee. Kwa wanaoingia sasa hivi: baba yake kavuka 70, aliteleza bafuni kama wiki tano zilizopita, akanyanyuka mwenyewe akaendelea na shughuli zake, sasa kila asubuhi kichwa kinamuuma, mguu wa kushoto anauburuza na majina ya wajukuu yanampotea. Daktari wa mkoa kaandika CT ya kichwa, shemeji mtu anasema wachange kwanza waende Dar wakapige MRI maana ndo kipimo kikubwa, na CT ina mionzi.

Fanyeni CT leo, msisubiri michango.

Mimi ni mtu wa mionzi, nimekaa chumba cha CT miaka mingi, na hii habari ya kipimo kikubwa na kipimo kidogo nakutana nayo kila mara na inaniuma kwa sababu watu wanapoteza muda mgonjwa akiwa nyumbani. Hivi vipimo kila kimoja kina kazi yake. CT ni eksirei inayozunguka kichwa halafu kompyuta inakupa picha kipande kwa kipande, dakika chache tu mzee kashashuka. MRI ni sumaku kali na mawimbi ya redio, inaonyesha ubongo na uti wa mgongo kwa undani ambao CT haiufikii, ila inataka nusu saa na zaidi bila kutikisika, ndani ya tundu jembamba lenye kelele, sasa mzee aliyechanganyikiwa atatuliaje hapo, akitikisika picha zote zinaharibika.

Kwa dalili ulizoandika, nadhani daktari anatafuta damu iliyovuja taratibu kati ya ubongo na ule utando wake mgumu wa nje. Mtu akizeeka ubongo unasinyaa kidogo, vimishipa vinavyovuka kwenda kwenye utando vinabaki vimevutika, kagongo kadogo tu kanatosha kuvichana. Damu inajikusanya wiki kwa wiki, mpaka dalili zije ile ajali ya bafuni familia ilishaisahau.

Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu aliletwa na mabinti zake, walishazunguka kwenye maombi wakiamini karogwa, na yeye mguu wa kushoto ndo ulikuwa mzito. Picha zilivyoanza kushuka kwenye skrini nikaona upande wa kulia kuna utepe wa kijivu kizito umelala kando ya fuvu, umejipinda kama mwezi mchanga, na mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa kwenda kushoto. Nilimpigia daktari mzee akiwa bado juu ya meza. Usiku uleule akapewa rufaa, wakamtoboa matundu mawili kwenye fuvu, ikatoka damu nyeusi ya zamani, wakaacha mpira wa kutolea damu iliyobaki. Alivyorudi kwa CT ya kufuatilia aliingia anatembea, akanisalimia na kuniuliza kwetu wapi.

Jambo moja muhimu, hakikisheni kwenye fomu imeandikwa tarehe aliyoanguka na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini. Damu mbichi kwenye CT inaonekana nyeupe, ikifika wiki ya pili ya tatu inafanana rangi na ubongo wenyewe na hapo msomaji asiye na historia anaweza kuipita, baadae ndo inakuwa nyeusi.

Kuhusu mionzi aliyoitaja shemeji, CT moja ya kichwa ni kama milisivati 2 (milisivati ndo kizio cha kupimia mionzi), na mionzi ya asili tu kila binadamu anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa mzee mwenye mguu unaoburuzika hilo sio la kumzuia.

Na yule mdau aliyesema kiharusi hakihitaji picha, ni kumpa dawa tu, ndugu yangu hapana. Cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka kwa nje vinafanana, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, inayotolewa ndani ya saa 4 na nusu, ukimpa anayevuja damu unaweza kumuua. CT ndo inawatenganisha. Ikitoka safi isikuchanganye, ya kuziba mara nyingi masaa ya mwanzo haionekani vizuri, kilichotafutwa kwanza ni damu.

MRI ina siku yake, kifafa, uvimbe wa nyuma ya ubongo, uti wa mgongo, ganzi ya miguu. Na hata huko kwenye mgongo picha peke yake haitoshi, watu wengi tu wasio na maumivu yoyote ukiwapiga MRI unakuta diski, vile visahani laini kati ya pingili za mgongo, zimetokeza, kwa hiyo daktari wa upasuaji lazima alinganishe picha na mwili.

Mkimaliza ombeni CD yenye picha zote, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi wala picha ya simu uliyopiga kwenye skrini. Mkipewa rufaa ya MOI (taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar) au kwingine, daktari atataka kuangalia vipande vyote mwenyewe. Na mzee akianza kutapika, kusinzia hovyo au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, pitilizeni dharura muda huohuo, msipange foleni.

Majibu yakitoka andika hapahapa, nipo online mpaka usiku.