Kupiga ultrasaundi tu hakutoshi kusema una PCOS

Wadada, mtu katoka kupiga ultrasaundi, kaambiwa ovari (zile sehemu zinazotengeneza mayai) zina vivimbe vingi, eti ana PCOS (tatizo la homoni linalovuruga hedhi na kukomaa kwa mayai), kabla hajafika nyumbani shoga yake keshamwambia ndo basi hazai, mwingine keshamuuzia dawa ya kusafisha kizazi. Tulieni kwanza jamani.

Mimi ninayo PCOS, na kitu nilichokuja kuelewa ni kwamba haina kipimo kimoja cha kukupa jibu kama kile cha mimba. Madaktari wengi wanafuata vigezo vya Rotterdam vya 2003 (mji wa Uholanzi ambako wataalamu walikubaliana), unatakiwa uwe na viwili kati ya vitatu. Hedhi kuvurugika, yaani mzunguko unapita siku 35 au hata 21 hazifiki, au mwaka mzima unableed chini ya mara 8. Halafu homoni za kiume kuzidi, ambazo zinaonekana kwenye damu au kwa macho tu, ndevu, chunusi zisizosikia dawa. Cha tatu ndo hiyo ultrasaundi. So kama siku zako hazieleweki na ndevu unanyoa, ultrasaundi hata siyo lazima. Na hivyo wanavyoviita vivimbe siyo vivimbe, ni vifuko vya mayai vilivyoishia njiani havikukomaa, sasa huyo anayekuuzia dawa ya kuviyeyusha anayeyusha nini?

Ila kabla hujapewa jina la ugonjwa lazima matatizo mengine yapimwe kwanza kuhakikisha siyo hayo, na hapa ndo wengi wanaruka. Mimba, tezi ya thairoidi (ile ya shingoni), prolaktini (homoni ya maziwa) ikizidi, hizo zote zinaweza kuvuruga hedhi vilevile, usipopimwa uliza kwanini. Kama unameza vidonge vya majira sema mapema maana vinashusha homoni za kiume, majibu yatadanganya, inatakiwa uwe umeviacha kama miezi 3 hivi (na utumie kinga nyingine, usije ukapata mimba kwa sababu ya kipimo).

Mabinti wadogo ambao hawajafikisha miaka 8 tangu wavunje ungo, ultrasaundi haitumiki kabisa, ovari zao kwa kawaida zinaonekana hivyo hivyo.

Ukishaambiwa unayo omba na kipimo cha sukari, ile ya kunywa glukozi halafu unakaa masaa mawili wanatoa damu tena, inachosha na ni tamu mpaka kichefuchefu, ila wenye PCOS sukari inatunyemelea hata ukiwa mwembamba.