LinkedIn: je, bosi ataona kuwa natafuta kazi?

Kwa kawaida haoni, ukiwasha Open to Work (alama ya LinkedIn ya kuonyesha unatafuta kazi) na kuchagua ionekane kwa waajiri tu, yaani recruiters, watu wanaotafuta wafanyakazi. Ile fremu ya kijani ya #OpenToWork hutokea kwenye picha pale tu unaporuhusu watu wote waone, na hapo hata bosi akipita ataiona. Ukiweka waajiri tu, wanaoona ni wenye akaunti ya LinkedIn Recruiter, ile ya kulipia, na mfumo hujaribu kukuficha wasikuone wale wa kampuni unayofanyia kazi sasa. Nasema hujaribu kwa sababu LinkedIn wenyewe wanakiri hawawezi kuhakikisha siri kamili. Wakala wa nje anayemtafutia bosi wako watu, kwa mfano, anaweza kukuona.

Ila mimi niko upande wa kuajiri, na fremu siitazami sana. Ninatafuta kwa maneno. Pale chini ya jina una nafasi ya herufi 220, halafu mtu anaandika "Natafuta fursa mpya"! Nikitafuta mhasibu anayejua kodi na mishahara, huyo nitampataje? Andika "Mhasibu | kodi, mishahara, ukaguzi wa ndani | Excel" na utajitokeza.

Jambo moja kabla hujagusa sehemu ya ajira: ukiongeza cheo au kazi, kuna swichi ya kuwaarifu watu ulioungana nao. Izime kwanza, usije ukaamka umepongezwa na ofisi nzima.